Duka la Intaneti: Tuchague Mandhari Ipi?

Vikundi vyetu vya vikapu, batiki na asali vinatafuta soko la mbali, na baadhi ya kamati zinajiuliza kama inafaa kutumia fedha za mradi kununua mandhari ya duka la intaneti. Katika toleo hili tunapenda kueleza suala hilo.

Mandhari ni mkusanyiko wa mafaili yanayoamua sura ya duka: rangi, herufi, mpangilio wa picha na mahali pa kitufe cha kununua. Bidhaa, bei na oda hutunzwa kwingine, katika hifadhidata. Hivyo mandhari inaweza kubadilishwa bila kupoteza mali, kama duka linavyopakwa rangi upya bila kutupa bidhaa zilizomo.

Tutoe mfano wa WooCommerce, programu ya kuendeshea duka iliyotolewa mwaka 2011, inayotumika pamoja na WordPress. Watengenezaji wake walitoa mwaka 2014 mandhari iitwayo Storefront, ambayo hailipiwi. Sura yake ni ya kawaida, lakini ni nyepesi, na kwenye simu huweka chini ya kioo alama za akaunti, kutafuta na kikapu. Gharama zinazobaki ni za jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi, ambazo hulipiwa kila mwaka.

Kabla ya kuchagua, kamati izingatie haya:

1. Ifunguliwe kwanza kwenye simu ya bei nafuu. Picha kubwa zinazozunguka hula vifurushi na kumchosha mnunuzi.

2. Maandishi yasomeke. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1.

3. Iwe bado inahudumiwa na watengenezaji wake. Tazama tarehe ya toleo la mwisho.

4. Ipatikane kwa mtengenezaji mwenyewe. Nakala za wizi huweza kuficha programu za uharibifu.

Nembo, rangi na herufi hubadilishwa katika ukurasa wa mipangilio, na mwanakikundi aliyefundishwa anaweza kuifanya kazi hiyo. Kwa mabadiliko makubwa zaidi, fundi asiguse mafaili ya mandhari yenyewe, maana toleo jipya likiwekwa, kazi yake yote hufutika. Atengeneze mandhari-mtoto, yaani folda ndogo inayorithi kila kitu kutoka kwa mandhari-mama na kutunza marekebisho yake pembeni. Aidha, nakala ya akiba ichukuliwe kabla ya kubadili chochote.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hata hivyo, mnunuzi wa mbali hawezi kukishika kikapu. Hutegemea picha safi, vipimo, bei na maelezo ya usafirishaji. Kwa hiyo tunashauri fedha zianzie hapo kabla ya kununua mandhari ya gharama.

Mwisho, tunaziomba kamati zisiidhinishe malipo ya fundi mpaka mkataba useme wazi kwamba jina la tovuti limesajiliwa kwa kikundi, na nywila zote zimekabidhiwa kwa viongozi wawili. Bila hayo, fundi akiondoka, kikundi kinaweza kubaki nje ya duka lake chenyewe, na jasho la wanachama likapotea.