Hakuna Mti wa Kuimarisha Tuta

Swali ni lilelile. Safari hii aliuliza mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima mwenye heshima zake, tukiwa tumesimama juu ya tuta la bwawa dogo la kuzuia mafuriko: "Injinia, tupande mti gani hapa ili tuta lishike?" Nyuma yake vijana walikuwa wameshashusha miche ya mwarobaini kwenye toroli. Nikamjibu, "Mzee wangu, hakuna." Akanitazama kama niliyemnyima maji.

Najua imani hii inakotoka. Shuleni tulifundishwa kwamba mti huzuia mmomonyoko, na mlimani ni kweli. Lakini udongo wa mlimani hausukumwi na maji yaliyojaa upande wa pili yakitafuta pa kupenya. Tuta lina kazi moja ngumu: kuyanyima maji njia. Ndiyo maana tunalishindilia tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hadi 20 kila moja, udongo ukiwa na unyevu wa kadiri, mpaka uwazi upungue kabisa. Kisha anakuja mtu na mche, anauchimbia shimo juu ya kazi hiyo yote.

Mzizi ukiwa hai tunaweza kubishana. Ukifa, ubishi umekwisha. Unaoza, mchwa wanamalizia kilichobaki, na ndani ya tuta panasalia mrija mtupu ambao hakuna aliyeuchora kwenye ramani. Bwawa la mafuriko hukaa kavu miezi mingi, kwa hiyo mrija huo hauonekani wala hausikiki. Siku bwawa linapojaa, maji yanaupata. Yanatokea upande wa nje yakiwa na chembe za udongo, tundu linakula kurudi nyuma kuelekea bwawani, na kadiri linavyopanuka ndivyo maji yanavyozidi kasi. Kwenye bwawa la Teton, jimbo la Idaho, Marekani, Juni 5, 1976, uvujaji wa maji ya tope ulionekana asubuhi. Saa sita mchana tuta lenye kimo cha zaidi ya mita 90 lilikuwa limeshapasuka. Watu 11 walikufa. Pale hapakuwa na kosa la mti, nyufa za mwamba zilitosha kuyapa maji njia. Sisi tunataka kuipanda njia hiyo kwa mikono yetu, tena kwa sherehe, mgeni rasmi akiwa na koleo.

Huo ni mzizi tu. Mti wenyewe ukikua, upepo wa masika unaukuta udongo umeloa, unaung'oa pamoja na bonge la tuta, siku ileile maji yamefika juu. Kivuli chake kinaua majani na kuacha udongo mtupu. Mbuzi wanakuja kupumzika chini yake, wanachonga vijia, na mvua inavigeuza mifereji. Nungunungu anachimba shimo lake pale usipoona. Nikija kukagua natumia macho na miguu: natafuta ufa, unyevu, udongo uliotitia. Kwenye kichaka sioni kitu.

Hapo ndipo ninapoambiwa, "Mbona lile lambo la zamani lina mikuyu miaka 40 na halijabomoka?" Halijabomoka, sawa. Limejaa mpaka juu mara ngapi katika miaka hiyo? Derna, nchini Libya, ililindwa na mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 mahsusi kwa ajili ya mafuriko. Yalisimama mpaka usiku wa kuamkia Septemba 11, 2023, mvua ya kimbunga ilipoyabomoa na maelfu ya watu wakafa. Tena mti wa miaka 40 ndio ninaouogopa zaidi, kwa kuwa mizizi yake imekwishafika mbali.

Na mianzi je? Hapana. Mkonge? Hapana. Panda ukoka, uufyeke uwe mfupi, basi. Miti ikae mita 8 au zaidi kutoka mwisho wa tuta upande wa bondeni.

Kama mti mkubwa umeshakuwepo, usiukate jioni hii ukaacha kisiki kioze. Subiri kiangazi, muite mhandisi, kisiki na mizizi minene vitolewe, shimo lijazwe udongo na kushindiliwa kwa tabaka. Mche wa mwaka huu ung'oe leo. Sasa mengine ya tuta, haraka haraka, maana nafasi inaniishia. Utoro wa maji, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada, usizibwe kwa viroba vya mchanga ili "tupate maji zaidi", wala usiwekewe wavu wa samaki: kwenye bwawa la South Fork, Pennsylvania, Marekani, waliweka, na Mei 31, 1889 tuta lao la udongo lilipitiwa na maji juu, likabomoka, watu zaidi ya 2,200 wakafa. Bomba la kutolea maji lisizibwe kwa ajili ya ng'ombe. Bwawa la mafuriko likijaa kabla ya mvua halina tena pa kuyaweka mafuriko. Pima usawa wa juu ya tuta kwa mpira wa maji wa fundi, na palipotitia pajazwe, kwa sababu hapo ndipo maji yatakapovukia. Ukiona maji yanachuruzika upande wa nje, yakinge kwenye glasi. Yakiwa safi, weka alama, fuatilia kila siku, piga simu. Yakiwa na tope, hamisha watu wa bondeni kwanza, simu ifuate. Na tundu usilizibe kwa udongo wa mfinyanzi, maji yatatokea pengine. Juu yake mwaga mchanga, kisha kokoto, kisha mawe, ili maji yapite na udongo ubaki.

Miche ya mwenyekiti tuliipeleka shule ya msingi. Juzi amenipigia simu: vijana wanauliza kama pembeni mwa utoro, upande wa tuta, panafaa mipapai.