Anajua, Ila Mpe Muda

Mpwa wangu wa Likoni ana miaka kumi. Muulize kwa nini feri haivuki moja kwa moja mkondo ukiwa mkali, atakueleza vizuri, ukimsubiri. Darasani ubao hufutwa kabla hajamaliza kunakili. Wapo wanaomwita mzito, na neno hilo linaniuma kwa sababu si kweli.

Uwezo wa kufikiri ni kitu kimoja. Kasi ya kupokea jambo na kulijibu ni kingine. Vipimo vya akili vya watoto vya Wechsler, vilivyotolewa kwanza Marekani mwaka 1949, hupima kasi kwa kazi nyepesi kama kunakili alama kwa dakika 2. Mtoto aweza kung'ara kwenye mantiki akashindwa hapo. Huo si uvivu, na kumharakisha humvuruga zaidi.

Kwanza apimwe macho na masikio. Nyumbani mimi humpa agizo moja, kisha nanyamaza. Hesabu tano alizozielewa zatosha badala ya ishirini. Mwombe mwalimu ampe maandishi ya ubaoni kwenye karatasi, amruhusu kujibu kwa mdomo, na amdokezee mapema swali atakaloulizwa. Hilo la mwisho limemfungua mpwa wangu kuliko tuisheni yoyote.

Kenya ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, EARC, tangu 1984. Ulizia kupitia mwalimu mkuu, na mapema, kabla ya Gredi ya 6 na mtihani wake wa KPSEA, maana maombi ya kuongezewa muda wa mtihani hupitia shuleni.