'Kutia maji': Neno moja, kazi mbili

Katika vibanda vya jua kali mjini Kitengela, springi kuukuu ya lori haitupwi ovyo. Hukatwa, ikafuliwa kuwa kisu cha bucha au sime. Muulize fundi kisu kinapataje ugumu, atakujibu: "Si unatia maji tu!" Jibu hilo ni tamu, ila linaficha kazi mbili zinazokinzana.

Springi ni pua, yaani chuma chenye kaboni kidogo, takriban asilimia 0.6. Ikiwa baridi, sehemu kubwa ya kaboni hiyo imo katika tabaka nyembamba zisizoonekana kwa macho. Ikipashwa moto kupita nyuzijoto 727 za Selsiasi, tabaka hizo huanza kuvunjika na kaboni ikaenea ndani ya chuma, ingawa chuma chenyewe hakijayeyuka. Joto likizidi kidogo, sumaku haikishiki tena.

Kazi ya kwanza ni kuzima, yaani kukitumbukiza ghafla. Kaboni hukosa nafasi ya kurudi ilikotoka. Hunaswa, na umbo jipya hutokea: martensaiti, lililopewa jina la Mjerumani Adolf Martens. Ni gumu ajabu, lakini huvunjika kama kioo. Isitoshe, neno 'maji' lenyewe linapotosha: springi nyingi huweza kupasuka zikizimwa kwa maji baridi. Mafuta ni salama zaidi.

Kazi ya pili ni kupasha tena polepole, kati ya nyuzi 200 na 300. Kaboni kiasi hutoka, mkazo hupungua. Fundi hodari hung'arisha ubapa na kutazama rangi: manjano ya nyasi kavu kwa kisu, buluu kwa kifaa cha kustahimili kishindo.

Je, lugha inaingilia wapi? Wahunzi wa Kimaasai wa Kajiado, il-kunono, walirithishana ufundi mkono kwa mkono, hivyo uchache wa maneno haukudhuru: jicho lilijionea. Mwanafunzi wa leo, aghalabu, hutegemea maelezo. Akisikia 'tia maji', huishia kazi ya kwanza. Kisu chake kitakata vizuri leo. Kesho kitagonga mfupa, kimeguke, na kipande kiruke jichoni mwa mwuza nyama.

Kwa hivyo napendekeza walimu wa ufundi watenganishe istilahi: 'kuzima' kwa kazi ya kwanza, 'kupasha tena' kwa ya pili. Maneno yote tunayo tayari. Kilichobaki ni kuyatumia bila kuyachanganya.