Punda milia na ng'ombe: Ni mahasimu ama washirika malishoni?

MFUGAJI wa Laikipia amwonapo punda milia katikati ya ng'ombe wake huhisi kwamba ameingiliwa na mwizi. Hisia hiyo ina ukweli, ila si ukweli wote.

Katika Kituo cha Utafiti cha Mpala, kaskazini magharibi mwa Mlima Kenya, wanasayansi wamekuwa wakilichunguza suala hilo tangu mwaka wa 1995. Walitenga viwanja 18, kila kimoja hektari nne, wakavizingira kwa namna mbalimbali. Baadhi huingia ng'ombe pekee, vingine wanyamapori pekee, vingine wote kwa pamoja. Kwingineko waya wa umeme umetundikwa juu kiasi cha kuwazuia ndovu na twiga, ilhali punda milia na swara hupita chini yake bila bughudha.

Mnamo 2011, Mkenya Wilfred Odadi na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kupima uzani wa mitamba katika viwanja hivyo. Wakati wa kiangazi, mitamba waliochangia malisho na wanyamapori waliongeza uzani mdogo kuliko waliokula peke yao. Hilo halikumshangaza yeyote. Mvua iliponyesha, mambo yaligeuka: waliochangia malisho ndio walionawiri zaidi.

Siri imo katika mabua. Punda milia hacheui kama ng'ombe. Chakula hupita tumboni mwake upesi, hivyo aweza kuishi kwa nyasi kavu na ngumu, mradi ziwe nyingi. Akishayaondoa mabua hayo marefu, ng'ombe hupata majani mabichi yenye protini.

Faida hiyo, basi, hutegemea mvua, nayo mvua haitabiriki tena. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni mbili wakafa nchini. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walikadiria mwaka wa 2023 kwamba ongezeko la joto duniani lilikuza uwezekano wa ukame kama huo angalau mara 100.

Kiangazi kikirefuka, anayegharamia ujirani huu ni mfugaji. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inazungumzia fidia kwa mifugo na mimea iliyoharibiwa. Lakini kilo ambazo mtamba alikosa kuongeza si rahisi kuzithibitisha nje ya viwanja vile 18.