Matundu Yanayosimulia Kuangamia kwa Bahari

Mnyoo hana mfupa wala gamba. Akifa baharini, mara nyingi huoza asiache hata chembe ya mwili wake. Lakini tundu alilochimba topeni huweza kujaa mchanga, likagandamizwa na kugeuka jiwe, likadumu mamilioni ya miaka. Wanasayansi huvihesabu vitu hivi kuwa visukuku: matundu, nyayo, njia za kutambaa. Gamba la kome laweza kusombwa na mkondo hadi mbali. Tundu hubaki palepale lilipochimbwa. Ukiliona, ujue mnyama aliishi hapo.

Ndiyo maana matundu ni ushahidi mzito wa yaliyotokea miaka milioni 252 iliyopita, mwishoni mwa kipindi cha Permi. Volkano za Siberia zilimwaga lava na gesi nyingi mno, bahari ikapata joto, oksijeni ikapungua, na zaidi ya asilimia 80 ya spishi za baharini zikatoweka.

Katika milima ya Dolomiti, kaskazini mwa Italia, msiba huo umeandikwa miambani. Tabaka za kabla ya maangamizi zimevurugwa na wanyama wachimbaji. Zinazofuata zina mistari myembamba ya tope iliyolala bila kuguswa. Matundu yanaporejea, ni madogo na hayana kina kirefu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulichunguza matundu katika maeneo 26 ya kusini mwa China. Ulionyesha kwamba wachimbaji wenye miili laini walianza kuinuka baada ya miaka milioni 3 hivi. Minyoo na jamii ya kamba, wanaokula mabaki yaliyozama topeni, walitangulia. Wanyama wanaochuja chakula majini walichelewa sana, huenda kwa sababu wachimbaji hao walikuwa wakiyachafua maji kwa tope.

Mambo yalikuwa tofauti kule Chicxulub, Mexico, kimondo kilipopiga miaka milioni 66 iliyopita na kuwamaliza dainosaria. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa miamba ya kreta iliyoachwa na kimondo hicho, wakakuta matundu ndani ya tope lililotuama miaka michache tu baada ya kishindo.

Kimondo kilipiga mara moja. Baada ya milipuko ya Siberia, joto kali na uhaba wa oksijeni vilirudi tena na tena kwa mamilioni ya miaka, na kila mara wachimbaji wakarudishwa nyuma.