Moshi Unavyoonekana kutoka Mlima Wilson

Mlima Wilson, wenye kimo cha mita zipatazo 1,740 katika safu ya San Gabriel kaskazini mashariki ya Los Angeles, ulichaguliwa na George Ellery Hale kuwa makao ya kituo cha falaki kilichoanzishwa mwaka 1904, kwa sababu hewa iliyo juu yake hutulia kiasi cha kuzifanya nyota zionekane bila kutikisika. Utulivu huo huo ndio unaotawala mwenendo wa moshi. Bahari ya Pasifiki huipoza hewa ya chini, ilhali juu yake hutanda hewa yenye joto zaidi, kinyume cha kawaida ya angahewa. Na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, haipandi, bali hufungiwa bondeni pamoja na moshi wa moto uliofifia, hata aliye kileleni akawa katika anga safi wakati mamilioni ya watu chini yake wanavuta chembe laini zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Moto ukipamba hali hubadilika, kwa maana joto lake hulipasua tabaka hilo, nguzo ya moshi hupanda kilomita kadhaa, na mvuke uliomo hupoa ukawa wingu jeupe lenye vichwa vya mviringo, ambalo wataalamu huliita pirokumulasi, yaani wingu lililozaliwa na moto. Chakula cha moto huo aghalabu ni chaparali, vichaka vya majani magumu, mengi yao yenye mafuta, ambavyo hukauka mno katika kiangazi kirefu.

Kituo chenyewe kimenusurika mara kadhaa: mwaka 2009 moto ulioitwa Station uliteketeza eneo la kilomita za mraba zipatazo 650 na kuwaua wazima moto wawili, na Septemba 2020 ule wa Bobcat ulikaribia majengo yake kwa mita 150 hivi.

Tarehe 7 Januari 2025 utulivu wa hewa ulitoweka kabisa. Pepo za Santa Ana, ambazo hutoka jangwani na kuzidi kukauka na kupata joto kadiri zinavyoteremka milimani kuelekea baharini, ziliusukuma moto wa Eaton hadi mji wa Altadena, ulio chini ya mlima huo, ambako majengo mengi kati ya zaidi ya 9,000 yaliyoangamia yalikuwa. Moto ulionekana tangu jioni. Hata hivyo amri ya kuhama iliwafikia wakazi wa magharibi ya mji saa nyingi baadaye, usiku wa manane ukiwa umekwisha kupita, nako ndiko walikokuwa wengi wa waliofariki. Wamarekani weusi walikuwa wamejenga maisha yao huko kwa vizazi, baada ya kuzuiwa kununua nyumba katika vitongoji vingine, na ni haki yao kuelezwa kwa ukamilifu kwa nini moto ulioonwa na wengi haukutangazwa kwao mapema.