Ukurasa Unaoachwa Wazi

Vijana wa Kasese na Bwera wanazo kazi za kueleza katika maombi ya chuo

Kila mara matokeo ya mtihani wa UACE yanapotangazwa, nyumba nyingi za Kasese na Bwera huingia katika shughuli mpya. Kijana aliyemaliza kidato cha sita huketi mezani na fomu za maombi ya chuo, baba huulizia ada na nauli, na mama hukadiria kahawa iliyobaki ghalani itafika wapi. Jina, shule, masomo na alama hujazwa upesi. Kisha kijana hufika katika ukurasa unaomtaka aeleze shughuli alizofanya nje ya masomo, uongozi aliopata kushika na utafiti alioufanya. Hapo kalamu husimama.

Wengine huuacha ukurasa huo wazi. Wengine hujaza mambo ambayo hayakupata kutukia. Makosa hayo mawili huweza kumpotezea kijana nafasi, na aghalabu chanzo chake ni kimoja: imani kwamba mtoto wa mlimani au wa mpakani hakufanya lolote linalostahili kutajwa. Imani hiyo si ya kweli, na wazazi wana wajibu wa kuiondoa.

KILA FOMU NA MATAKWA YAKE

Kwanza hapana budi kufahamu fomu ipi inataka nini. Nafasi za kusomeshwa na serikali katika vyuo vikuu vya umma nchini Uganda hugawanywa hasa kwa alama za mtihani, nazo alama hizo hupewa uzito kulingana na masomo yanayohusiana na kozi iliyoombwa. Tangu mwaka 1990 wasichana wamekuwa wakiongezewa pointi 1.5, na tangu mwaka 2005 ukawekwa mgawo wa nafasi kwa kila wilaya. Sehemu ndogo hutengwa kwa wanamichezo na kwa watu wenye ulemavu. Katika mlango huo, hadithi ndefu juu ya uongozi wa kwaya haitamsogeza mwombaji hata hatua moja. Mchezaji wa mpira au mkimbiaji ndiye mwenye haja ya kuweka tayari hati za mashindano yake.

Mambo huwa tofauti katika maombi ya ufadhili. Mpango wa Mastercard Foundation katika Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mfano, uliwekwa kwa ajili ya vijana wenye akili na wasio na uwezo wa fedha, nao hutazama pia moyo wa uongozi na wa kuitumikia jamii. Kadhalika vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi kwa fomu iitwayo Common App, yenye nafasi 10 za kuorodhesha shughuli. Kila shughuli huelezwa kwa herufi zisizozidi 150, kukiwamo alama za uandishi na nafasi kati ya maneno, na mwombaji hutakiwa kutaja ni saa ngapi kwa juma na majuma mangapi kwa mwaka. Uingereza hutumia utaratibu wa UCAS. Kwa wanaoanza masomo mwaka 2026 na kuendelea, mwombaji hujibu maswali matatu kwa herufi zisizozidi 4,000 kwa jumla, na hapo yanayotazamwa zaidi ni mambo yanayoambatana na somo analotaka kusoma.

KAZI YA NYUMBANI NI KAZI

Wengi hudhani kwamba shughuli za nje ya masomo ni mdahalo, muziki na safari za chama cha wanyamapori peke yake. Sivyo. Katika orodha ya aina za shughuli ya Common App yenyewe, majukumu ya nyumbani yamo, na kazi ya kulipwa imo. Kijana anayewalea wadogo zake baada ya mama kulazwa, au anayevuna kahawa asubuhi kabla ya kwenda shule, ana jambo la kuandika.

Lililobaki ni namna ya kulieleza. Chukulia mfano wa msichana wa Bwera ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akimsaidia mama yake sokoni Mpondwe siku za gulio, pale watu wa Uganda na wa Kongo wanapokutana kuuziana mchele, maharage na vitenge. Akiandika, "Nilimsaidia mama biashara," msomaji wa maombi hatajua kama alibeba kikapu mara moja au aliendesha kibanda kizima. Lakini akiandika, "Nilitunza daftari la mauzo ya mama soko la Mpondwe; nikaonyesha bidhaa zinazotia hasara, tukaziacha," amesema mengi kwa maneno machache. Saa na majuma atayaweka mahali pake. Kama alikuwa akiwatafsiria wateja kutoka Kikonzo hadi Kiswahili, hiyo nayo ni kazi ya kutajwa.

Hali kadhalika kwa mvulana wa vilima vya Kasese. Asiridhike kusema kwamba nyumbani wanalima kahawa. Aeleze kama yeye ndiye aliyechambua matunda mekundu na mabichi, aliyejenga kichanja cha kuanikia, au aliyepima uzito kabla ya kupeleka katika chama cha ushirika. Kanuni ni rahisi: kitendo kitangulie, kipimo kifuate, na matokeo yaonekane.

UTAFITI SI MAABARA PEKE YAKE

Neno utafiti huwatisha vijana wengi. Huwaza darubini, makoti meupe na maprofesa. Lakini vilima vya Rwenzori vina historia yake katika jambo hili. Katika miaka ya 1950, Isaya Mukirane, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alishirikiana na wenzake kuanzisha chama cha kuchunguza historia na maisha ya Wakonzo, kwa kutiwa moyo na mwandishi wa habari Mwingereza, Tom Stacey, aliyezunguka naye milimani mwaka 1954. Kazi yao ilihitaji miguu ya kupanda, masikio ya kusikiliza wazee, na daftari la kuandikia. Kutokana na chama hicho vuguvugu la Rwenzururu lilipata chimbuko lake mwaka 1962. Hivyo maswali yaliyoulizwa kwa unyenyekevu huweza kufika mbali.

Siku hizi shule zenyewe zinadai utafiti. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unamtaka mwanafunzi afanye miradi, na katika mtihani wa UCE wa mwaka 2024, wa kwanza chini ya mtaala huo, alama 20 katika kila 100 zilitokana na tathmini ya shuleni. Mradi uliofanywa kwa makini usitupwe kabatini mara alama zikishatolewa.

Wala mambo ya kuchunguza hayatafutwi mbali. Mto Nyamwamba ulifurika vibaya Mei 2013 na tena Mei 2020, ukaharibu nyumba, madaraja na hospitali ya Kilembe. Kando ya mto huo yamo masalia ya mgodi wa shaba wa Kilembe, uliosimamisha uchimbaji mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwanafunzi anaweza kupima mvua kila asubuhi kwa kopo lenye alama, akatazama kutoka mahali pa salama maji yamefikia jiwe gani la daraja, na baada ya miezi mitatu akalinganisha. Mto ukianza kufurika akae mbali. Hakuna utafiti unaostahili maisha ya mtoto.

Akifika kwenye fomu, aeleze mambo matano kwa mpango: swali alilouliza, mahali na muda, njia aliyotumia, alichokiona, na aliyemwongoza. Kisha aongeze jambo la sita, ambalo wengi huliogopa: kile ambacho kazi yake haikuweza kuthibitisha. Kusema, "Miezi mitatu haitoshi kutabiri mafuriko," hakupunguzi heshima ya mradi. Kunaonyesha kwamba mwandishi anafahamu utafiti ni nini. Kama kazi ilifanywa na kundi, ataje sehemu yake mwenyewe. Na kama aliwauliza majirani habari za nyumba zao, aeleze kwamba aliomba ruhusa kwanza.

UONGO HAUFICHIKI

Kijana akijiita mwenyekiti wa vyama vinne, msaili humwomba asimulie mkutano mmoja tu, na hapo ulimi hukwama. Barua ya mwalimu husomwa pamoja na fomu, na zikipingana, kinachoanguka ni maombi. Mwombaji wa Common App hutia sahihi kwamba aliyoyaandika ni kweli na ni kazi yake; ikidhihirika vinginevyo, chuo huweza kumnyang'anya nafasi hata baada ya kukubaliwa.

Kwa sababu hiyo, wazazi wajihadhari na wanaodai fedha ili wamwandikie mtoto insha au wamtungie vyeo. Kufungua akaunti ya Common App hakuna malipo, na mwombaji asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe ada ya maombi. Fedha za kahawa zisiishie mikononi mwa mtu anayeuza maneno.

DAFTARI LIANZE MAPEMA

Dawa iliyo bora ni ya bei ndogo. Tangu kidato cha tatu, kila kijana awe na daftari moja la shughuli zake. Kila juma aandike tarehe, kazi aliyoifanya, saa alizotumia na mtu aliyeishuhudia: mwalimu, kiongozi wa kanisa au wa msikiti, katibu wa ushirika, au mwenyekiti wa kijiji. Mashahidi hao ndio watakaoandika barua wakati ukifika, nao huandika vizuri zaidi wakikumbushwa mambo kwa tarehe zake. Kabla ya kwenda kulipia kompyuta mjini, majibu yote yaandikwe kwanza kwenye karatasi na kuhesabiwa herufi.

Baba na mama nao wana sehemu yao. Wakae na mtoto jioni moja, wamkumbushe aliyoyafanya. Mara nyingi mzazi hukumbuka kazi ambayo mtoto ameizoea hata haioni tena. Na binti asibebeshwe kazi zote za nyumbani kiasi cha kukosa saa moja ya chama au ya mradi, ilhali kaka yake yuko uwanjani.

Vyuo haviombi kila kijana awe ametoka nyumba moja au shule moja. Vinauliza alifanya nini kwa yale aliyokuwa nayo. Mtoto aliyepima mvua kwa kopo kando ya Nyamwamba, na aliyetunza hesabu za mama yake hatua chache kutoka mpakani, wote wana jibu. Waliandike kama lilivyo.